Mzee Kwenye Chumba cha Kusubiri

Kinyozi alizoea milango ya kawaida, ile yenye bawaba na komeo, ambayo ukiisukuma inalia. Mlango aliokabidhiwa siku hizi haukulia. Ulikuwa ndani ya simu yake, na waliosimama nje yake hawakuwa na miguu wala viatu. Walikuwa majina tu, yamepangwa moja chini ya jingine, na kando ya kila jina kitufe kidogo cha kumruhusu mwenye jina aingie darasani.

"Kitendawili!" mkewe aliwaambia watoto waliokwisha kuingia. Ndivyo alivyolianza darasa kila asubuhi, ili waliowahi wasichoke kuwangoja wenzao.

"Tega!" watoto wakaitikia, wengine wakiwa wamemaliza wakati wengine ndio kwanza wanaanza, kwa vile mtandao haukuwatendea wote sawa.

"Namkata kila mwezi, wala halii."

"Mti!"

"Kucha, Mwalimu!"

"Nywele! Mume wako si ndiye anayezikata?"

Watoto wakacheka. Kinyozi naye akatabasamu pale kwenye kigoda chake, pembeni, mahali ambapo kamera haikumfikia. Sebule yao ilikuwa ndogo. Ubao ulipigiliwa ukutani juu ya kochi, kochi lenyewe likasukumwa hadi dirishani, na simu ya mkewe ilifungwa kwa mpira kwenye mgongo wa kiti kilichopandishwa juu ya meza. Tangu kuta za shule zilipopasuka na mafundi wakaanza kuzibomoa, darasa la sita lilikuwa likisomea humo, watoto kila mmoja kwao.

Jina jipya likachomoza mlangoni. Halikuwa jina la mtoto. Liliandikwa: Hodi Jamani.

Kinyozi akalitazama. Agizo alilijua: wafungulie unaowajua tu, usiyemjua muache nje. Lakini mtu amepiga hodi. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni hajawahi kusikia hodi akanyamaza, na kule dukani kwake hata asiyekuja kunyoa hukaribishwa benchi akakaa. Kidole kilitangulia kabla akili haijafika.

"Karibu," alisema kwa sauti ya chini, akabonyeza.

Kwanza kikasikika kicheko cha mtu mzima. Kisha muziki wa kupasua masikio, na ndani ya muziki matusi ambayo Kinyozi mwenyewe asingeyaruhusu dukani. Mistari myekundu ikaanza kujichora juu ya picha ya ubao, na mistari ile ikawa picha ya aibu. Mtoto mmoja akacheka. Mwingine akauliza, "Mwalimu, huyo ni nani?" Ukaonekana mkono wa mzazi fulani ukiifunika simu kwa kanga. Mkewe alihangaika kumtafuta mvamizi katika ile misururu ya majina, akamkosa, na mwisho akalizima darasa zima.

Kwa jirani, fundi wa kuchomelea vyuma aligonga bomba mara kadhaa.

"Umemfungulia nani?" mkewe aliuliza, bado ameshika chaki.

"Alipiga hodi."

"Alipiga hodi?"

"Ameandika. Hodi Jamani. Sasa mtu amesema hodi, nimnyamazie?"

Mkewe akakaa kwenye ukingo wa kochi. "Mume wangu, na mwizi akipiga hodi utampikia chai?"

"Chai hapana. Lakini nitamwitikia."

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Lakini hii ilikuwa mara ya pili. Wiki iliyopita aliingia mtu akacheza ngoma kifua wazi katikati ya somo la sayansi, na ndiyo sababu chumba cha kusubiri kikawekwa, na Kinyozi akapewa ulinzi.

"Mimi sishangai walivyoingia," mkewe alisema. "Nashangaa linki wanaipata wapi. Wazazi nimewaomba wasiigawe. Basi imebaki pale kwako dukani, simu yako ikikaa juu ya meza na kila anayengoja zamu anaichezea."

"Wateja wangu?"

"Nimekosea?"

Aliumia, lakini mtu aliyetoka kumkaribisha Hodi Jamani hana kinywa cha kujitetea.

Simu ya Mwalimu Mkuu haikukawia. Alikuwa mama mmoja wa sauti ya taratibu, asiyewahi kumfokea mtu, na ndiyo maana walimu walimwogopa.

"Nimepigiwa na wazazi," alisema. "Mmoja alikuwa analia. Mwanangu, nakujua unavyofundisha, sina neno. Lakini mkataba wako ni wa muda, nalo hilo unalijua. Jumatatu nitaingia mwenyewe, pamoja na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Tutakaa tusikilize kipindi chote. Akiingia mtu mmoja tu asiye mwanafunzi, nitawahamishia watoto wako kwa mwenzako wa mkondo wa pili, na wewe utasubiri nyumbani mpaka majengo yaishe."

"Na yakiisha, Mwalimu?"

"Yakiisha tutaona kama nafasi bado ipo."

Mkewe alishukuru, akaaga kwa heshima, akaiweka simu mezani kama mtu anayetua yai. Kisha akakichukua kitambaa, akaufuta ubao uliokuwa hauna kitu.

*

Mchana ule Kinyozi alifungua duka. Kwenye benchi alimkuta Kipara, mteja wake wa siku zote, ambaye hakuwa na nywele za kunyolewa lakini hakukosa kufika.

"Afande mlinzi!" Kipara alimpokea. "Leo umeruhusiwa kutoka langoni?"

"Habari za mchana."

"Njema. Nasikia geti lako mwanamume mmoja amepita na tarumbeta zake."

Aliyekuwa kwenye kiti akacheka hadi ikabidi Kinyozi aiondoe mashine shingoni pake. Kumbe habari zimeshafika. Mmoja akauliza kama mlinzi naye hulipwa. Mwingine akajibu kwamba analipwa kwa kupakuliwa chakula. Kinyozi alicheka pamoja nao, kwa kuwa ukinuna dukani kwako wateja huhamia kwa jirani, lakini moyoni haikumpendeza. Aliitoa simu juu ya meza akaitia mfukoni.

"Eh! Imekuwa dhahabu?" Kipara akashangaa. "Juzi si ulinipa nitazame mpira?"

"Juzi ilikuwa juzi."

"Basi mwambie mwalimu anitungie mtihani wa kuingilia."

*

Jumamosi waliikalia kazi ya kuuimarisha mlango, mume na mke, vichwa vimegusana juu ya simu mbili. Ile linki ya zamani waliifuta kabisa. Wakaunda mkutano mpya, wenye namba mpya na neno la siri jipya. Mkewe alikuwa akisoma maelekezo kwa sauti na Kinyozi akitekeleza.

"Vipaza sauti vya watoto vizimwe wanapoingia."

"Vimezimwa."

"Kuonyesha skrini, mwalimu peke yake."

"Peke yake."

"Kuchora juu ya skrini?"

"Hakuna kuchora. Anayetaka kuchora akachore kwao."

"Na wote wakiingia, mimi nafunga darasa. Atakayechelewa atasoma kwenye daftari la mwenzake."

Kazi kubwa ilikuwa majina. Simu nyingi hazikuwa za watoto. Zilikuwa za baba, za shangazi, za mpangaji mwenzao, na wenye simu walijiita walivyopenda. Kinyozi ndiye aliyepewa kuwapigia mmoja mmoja.

"Habari, Mama. Mimi ni mume wa mwalimu. Kwenye simu yako umejiandika Usiniguse."

"Ndiyo. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, Mama. Ila Jumatatu tunaomba liandikwe jina la mtoto, kama lilivyo shuleni. Nikiliona Usiniguse, sitaligusa."

Mama yule akacheka, akaomba aelekezwe. Wengine hawakucheka. Baba mmoja aliyejiita Bosi Mdogo alitaka kujua kwa nini abadilishwe jina na mtu ambaye ameshindwa kulinda mlango. Kinyozi alimwelekeza pa kubonyeza, akamshukuru.

"Sasa nisikilize," mkewe alisema walipomaliza. Alikuwa amemshika mkono. "Jumatatu asiyekuwemo kwenye orodha haingii. Usiangalie sauti, usiangalie heshima, usiangalie jina zuri. Hata awe nani."

"Hata awe nani," Kinyozi alirudia.

*

Jumapili walikwenda kwa wazazi wa mke, kama walivyozoea. Mke aliingia jikoni kwa mama yake. Kinyozi akatoa kiti uani, akamfunga baba mkwe shuka shingoni, akaanza kumnyoa. Kazi hiyo aliifanya tangu siku za uchumba, na watu walisema ndiyo iliyompatia mke, maana mzee alikuwa amekataa katakata binti yake aolewe na mkata nywele hadi siku aliponyolewa naye akasinzia kwenye kiti.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mita. Maisha yake yote alipita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, akiwakimbia mbwa wa watu, na alipostaafu jina likabaki naye.

"Mkwe, kile kitu chenu kimeharibika," alisema, kichwa ameinamisha.

"Kitu gani, Baba?"

"Cha darasa. Nabonyeza, kinaniambia mkutano haupo. Na ile wiki nyingine nilijaribu, bando likaisha kabla sijaona hata ubao."

Kinyozi alikuwa ameshika wembe karibu na sikio la mzee. Akausimamisha.

"Baba, ile linki uliipata wapi?"

"Kwa mke wangu. Binti alimtumia siku ile ya kwanza, amwone alivyoupamba ubao. Nikaona si jambo la kufichwa. Nikaiweka kwenye kikundi chetu cha wastaafu. Niliandika vizuri kabisa: mwanangu anafundisha, karibuni nyote, na jamaa zenu." Mzee alicheka kwa furaha. "Watu wamenipongeza, mkwe! Mmoja amesema ameipeleka mpaka kwa wajukuu zake, nao wameipeleka kwa wenzao. Kama kadi ya harusi."

Wembe ulibaki hewani. Kinyozi aliwaona wale wajukuu na wenzao, na wenzao wa wenzao, mpaka kwa Hodi Jamani na tarumbeta zake. Kutoka jikoni ilikuja sauti ya mkewe akicheka na mama yake. Angeweza kumwita wakati ule ule. Angeweza kusema: njoo usikie ilikotoka, si dukani kwangu. Neno lilimfika kwenye ulimi, likawa tamu. Akatazama kile kichwa cheupe kilichoinamishwa mbele yake bila wasiwasi wowote, akalimeza.

"Baba," alisema taratibu, "usiitume tena kwa watu. Darasa ni la watoto."

"Sitatuma. Nitumie mimi tu, hiyo mpya."

"Baba, hiyo..."

"Nitakaa nyuma. Sitasema neno." Mzee aligeuka, povu likiwa kwenye shavu. "Mkwe, mimi niliishia darasa la nne. Huyu mtoto nimemsomesha nikiwa natembea juani, lakini sijapata hata siku moja kumwona amesimama mbele ya ubao. Shuleni kwao ningeingiaje? Ningesema mimi nani? Sasa darasa limekuja mpaka kwenye simu, na bado nisimwone?"

Mtu anamjibuje baba mkwe, tena akiwa amemfunga shuka shingoni? Kinyozi alisema, "Tutaona, Baba." Na masikioni mwa baba mkwe, tutaona ya mkwe ni ndiyo.

Walipokuwa wakiaga, mzee alimkazia macho. Kinyozi akaitoa simu, akamtumia. Alijipa moyo kwamba mzee hataweza kuifungua peke yake.

*

Jumatatu asubuhi mkewe alivaa gauni lake la bluu na viatu, ingawa miguu haingeonekana na mtu. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameombwa akubali kuanza kazi baadaye, akakubali, akaja kukaa kwenye kizingiti cha mlango wake kusikiliza.

Majina yakaanza kufika. Safari hii yalikuwa majina ya watoto, kamili, kama kwenye daftari la mahudhurio. Kinyozi aliyasoma, akayatafuta kwenye orodha iliyokuwa gotini, akaweka alama, akafungua. Bosi Mdogo naye alikuwa amebadilika akawa mtoto. Mwalimu Mkuu akaingia, na mkewe akampa naye uwezo wa kuuona mlango. Kisha akaingia mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, uso wake umejaa kioo chote, nyuma yake makopo ya rangi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina dirisha wala mlango, na ndani imejaa maji."

Watoto walikuwa wamefungua vipaza sauti, bado wanabishana kati ya nazi na yai, jina la mwisho lilipotokea kwenye simu ya Kinyozi.

Mzee Mita.

Chini ya jina palikuwa na neno lile lile lililokuwa chini ya kila jina: anasubiri. Kinyozi alitazama orodha kana kwamba jina lingeweza kuota pale ghafla. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amewapa mgongo, akichora tangi la maji ubaoni, mstari umenyooka kama umepigwa rula.

Na huyu ni mzee kweli? Jina ni maandishi tu, mtu yeyote anaweza kuliandika. Kikundi kizima cha wastaafu kinamjua Mzee Mita. Je, kama amesahau akaigawa tena? Kidole kilikaa juu ya kitufe, kikarudi.

Kisha simu yenyewe ikaanza kutikisika mkononi. Baba Mkwe anapiga. Picha yake ikafunika majina yote, amevaa koti, amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Sasa hapakuwa na shaka ni nani.

Katika maisha yake Kinyozi hajawahi kuikata simu ya baba mkwe. Mtu hafanyi hivyo. Ukiwa unanyoa unaacha kunyoa, ukiwa unakula unameza kwanza. Alifumba macho, akakata.

Ikapigwa tena. Akakata tena. Ukaja ujumbe: Mkwe niko nje. Hakuujibu. Baada ya hapo simu ikatulia. Jina lilibaki pale pale, halikuondoka.

"Urefu mara upana mara kimo," mkewe alikuwa akisema. "Tukishapata hivyo, tunajua tangi litabeba maji kiasi gani. Wote mmeingia? Basi nafunga darasa."

Akabonyeza. Mlango ukafungwa, na mzee nje.

Somo lilikwenda vizuri. Watoto waliinua mikono, wakakosea, wakarekebishana. Sauti pekee iliyovuruga ilikuwa ya mtu mzima aliyesema kwa nguvu, "Misumari ya bati imekwisha, mwambie apitie kesho!" Watoto wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amefungua kipaza sauti chake bila kujua. Mkewe hakutikisika. Alikizima kutoka kwake, akasema, "Tuendelee. Bati tutalipima wiki ijayo," na Mwalimu Mkuu akaonekana amefunika mdomo kwa mkono.

Watoto walipoagwa, wakatoka mmoja mmoja mpaka wakabaki wakubwa. Mwalimu Mkuu akavua miwani.

"Somo nimelipenda," alisema. "Nina swali moja. Huku kwangu naona kuna mtu yuko nje tangu tulipoanza. Mzee Mita. Ni nani huyo?"

Mkewe aligeuka upesi, akamtazama mumewe.

Kinyozi akainuka kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza akaingia mbele ya kamera, simu mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Ni baba mkwe wangu."

"Marahaba. Baba mkwe wako?"

"Ndiyo."

"Umemwacha baba mkwe wako nje kipindi kizima?" mwenyekiti aliuliza, na sasa kipaza sauti kilikuwa kimefunguliwa kwa makusudi.

"Hayumo kwenye orodha."

"Linki ni mpya," Mwalimu Mkuu alisema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Aliipataje?"

Hapo palikuwa na njia nyingi za kupita. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema wazee wa siku hizi wana mambo. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, mkono wenye chaki umening'inia, na gauni la bluu limechafuka vumbi jeupe kiunoni.

"Nilimpa mimi," Kinyozi alisema. "Jana. Aliniomba nikashindwa kukataa."

"Ulimpa linki, kisha ukamfungia mlango?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kumpa nilikosea. Kumfungulia ningekosea zaidi."

Mwenyekiti alijikuna kidevu. "Mimi baba mkwe wangu nikimwacha nje," akasema mwishowe, "nitahama mji."

"Hata mimi ninafikiria pa kuhamia," Kinyozi akajibu, na mwenyekiti akacheka mpaka makopo ya rangi yakatikisika nyuma yake.

Mwalimu Mkuu hakucheka, ila aliirudisha miwani usoni bila haraka. "Darasa lina mlango," alisema. "Nimeuona. Watoto wabaki hapo walipo. Lakini linki ibadilishwe kila wiki, na tangu leo aishike mwalimu peke yake. Wewe, mwanangu, kaa na mlango tu. Linki usiiguse."

"Sitaigusa."

"Na mzee mpeni salamu zangu."

*

Walipobaki wawili, mkewe hakuimba wala kuruka. Aliketi.

"Baba alikuwa nje muda wote?"

"Muda wote. Amenipigia, nikakata. Mara mbili."

"Umemkatia simu baba yangu?"

"Mara mbili," Kinyozi alirudia, kama mtu anayesomewa mashtaka na kuyakubali.

Mkewe aliichukua simu kutoka mkononi mwake. Jina lilikuwa bado pale. Mzee hakuwa ametoka kwenda kunywa maji wala kulalama kwa mama mkwe. Mkewe alilitazama jina lile kwa muda, kisha akabonyeza.

Kioo kikajaa mzee. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, tai imefungwa, na kichwa kimenyolewa kinang'aa. Alikuwa amekaa mezani, na mbele yake ameweka daftari jipya na kalamu. Alipoona sura ya mtu alishtuka, akajiweka sawa.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

"Wameshakwenda, Baba. Somo limekwisha."

Mzee akaangalia kushoto na kulia, kana kwamba watoto wangekuwa wamejificha pembeni mwa kioo. "Na huyo mkwe wangu yuko hapo?"

"Nipo, Baba," Kinyozi akajibu kutoka kigodani. "Nisamehe, Baba."

"Umeniacha nje kama mtu anayedai deni."

"Nisamehe."

"Nilikasirika. Nilitaka kuvua tai nizime. Halafu nikasema, ngoja. Huyu kijana hajawahi kunikatia simu, hata siku nilipomkatalia mke. Lazima kuna kitu." Mzee akakohoa. "Nikakaa hapa najiuliza, darasa la watoto lina haja gani ya mlango? Nani anataka kuingia? Ndipo nikakikumbuka kile kikundi. Nikakumbuka nilivyoandika, karibuni nyote." Akaisogeza kalamu kwenye meza. "Binti yangu. Wale watu wabaya waliotukana mbele ya watoto, ambao habari zao mama yako alinipa jana mlipoondoka, mimi ndiye niliyewaletea. Mumeo alijua tangu jana. Nilisikia wembe wake umesimama sikioni mwangu. Na hakukuambia."

Mkewe aligeuka, akamtazama Kinyozi. Kinyozi alikuwa akiikunja na kuikunjua ile orodha.

"Hukuniambia," alisema mkewe.

"Alikuwa amefungwa shuka shingoni," Kinyozi akasema. "Mtu akiwa katika hali ile humsemi."

"Nami nikakusingizia wateja wako."

"Kipara ana yake mengine, lakini hili si lake."

Mkewe alicheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa mkono wenye chaki akabaki na mstari mweupe shavuni. Kule kwenye kioo mzee alikuwa akifunga daftari lake taratibu.

"Basi nisiwachoshe," alisema. "Kazi yenu imekwisha salama, nashukuru. Siku nyingine, majengo yakiisha, nitapita pale nje niwasikilize dirishani."

"Baba, usizime."

Mkewe alisimama. Akakung'uta vumbi kwenye gauni, akakitwaa kitambaa na kulifuta lile tangi lote, hesabu zake zote, mpaka ubao ukawa mweusi. Akamgeukia mumewe. "Funga mlango. Asiingie mtu."

"Umefungwa."

Alianza upya. Alichora tangi kwa utaratibu ule ule, mstari baada ya mstari, akaandika urefu, akaandika upana, akaandika kimo. Alieleza kwa sauti ile ile aliyowapa watoto, haikupungua wala haikuwa ya mchezo. Mzee alikuwa amelifungua tena daftari. Alinakili polepole, ulimi umetoka kidogo kwenye kona ya mdomo, na mara mbili aliomba asubiriwe, akasubiriwa. Fundi wa kuchomelea, ambaye sasa alikuwa na ruhusa ya kuanza, bado alikuwa kizingitini.

"Kwa hiyo tukizidisha vyote vitatu, tunapata nini?" mkewe aliuliza ubao, kisha akageuka. "Nani atatuambia?"

Katika darasa lile alikuwamo mwanafunzi mmoja tu. Aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Kisha akaweka kalamu chini, akajinyoosha ndani ya koti lake, na mkono wake uliozeeka ukapanda juu taratibu mpaka ukapotea nje ya kioo.

"Mimi, Mwalimu," alisema.